Udongo Hurushwa Juu

Siku ile mgongo wangu huikumbuka kabla ya akili yangu, mwanangu. Kila ninapoinama kuokota penseli iliyoanguka, mgongo hunirudisha kwenye mtaro mmoja kilimani kwetu, upande wa juu wa soko la Kabati. Mkononi nimeshika jembe, na mwanamke mmoja amesimama kando yangu ananicheka. Aliyonifunza mwanamke yule sikuyapata chuoni, na chuo changu, kama utakavyosikia, hakikuwa cha mchezo.

Lakini kabla hatujafika mtaroni, ujue kwanza anayesema nawe ni nani. Mimi ndimi niliyekuwa wa kwanza katika lokesheni yetu kurudi nyumbani na diploma ya uchoraji. Wako wanaosema nilikuwa wa kwanza Kitui nzima; sijawahi kuwapinga, maana si adabu kubishana na watu wanaokusifu. Sikusomeshwa na serikali, wala kanisa, wala mjomba mwenye cheo. Nilikwenda Uingereza miaka ya sitini ikielekea kuisha. Mchana nikaosha masufuria katika jikoni za watu, jioni nikajifunza kuchora, na baridi ya huko si hii ya Julai unayoivalia sweta. Ni baridi inayokuuliza umekuja kufanya nini. Nikarudi na cheti chenye mhuri mwekundu, sanduku la rangi, na daftari za kuchorea zilizojaa milima na mito ya watu wengine. Cheti hicho kiko ukutani sebuleni kwangu, katika nyumba ya mawe niliyoijenga mwenyewe. Ukija utakiona. Ukisahau kukitazama nitakukumbusha.

Watu wa nyumbani walinipokea kwa nyimbo, na kabla muthokoi, chakula chetu cha mahindi na maharagwe, haujaiva walikuwa wamekwisha kunipa jina: Diploma. Wengine walilitamka kwa heshima, wengine kwa kicheko. Mimi niliitika yote.

Mama yangu, Mbithe, ndiye aliyeongoza nyimbo za mwethya. Mwethya, kama umezaliwa mjini, ni majirani wanaosaidiana kazi, leo shamba lako, kesho langu, na waliojitokeza sana walikuwa wanawake. Miaka hiyo ya sabini kazi kubwa ilikuwa kuchimba mitaro, maana vilima vyetu ni vikavu na mvua yetu ina hasira: haiji, na ikija huondoka na shamba. Wanawake walijipanga ubavuni mwa kilima, mama akatoa wimbo, wao wakaitikia, na majembe yakaanguka pamoja mwisho wa kila mstari. Ukiwa ng'ambo ya bonde ungedhani kilima kina moyo na moyo unadunda.

Baba alikuwa na wake wawili. Mama alikuwa wa kwanza. Wa pili, Syombua, tulimwita mama mdogo, na mwanawe mkubwa, Nzioka, tulizaliwa naye msimu mmoja wa mvua, mimi nikimtangulia kidogo. Husemwa kwamba tangu tukitambaa tulikuwa tukikimbilia kibuyu kimoja. Aliyelelewa na ndugu wa baba mmoja na mama wawili anajua nisemalo, wala hahitaji kuelezwa.

Nzioka naye alichora. Hapo ndipo ulipokuwa mwiba.

Yeye hakwenda Uingereza. Alikwenda miji ya Wote na Emali, kupiga gitaa katika bendi ya dansi iliyozunguka masoko ya Makueni, na suruali zake pana zilifagia vumbi la kila soko alilopita. Usidhani alikuwa mnyenyekevu. Alikuwa na majivuno kunishinda, nami si mtu wa kushindwa upesi. Alikuwa akivua miwani yake ya jua polepole ili hata aliye mbali asikose kuona kwamba alikuwa ameivaa. Na daftari zake hazikuwa na mlima wala mto. Nzioka alichora muziki.

"Hiki ni nini?" nilimwuliza mara ya kwanza aliponionyesha.

"Gitaa la pili," akasema. "Hapa linaingia. Hapa linamngoja mwimbaji. Hapa mwimbaji amelewa."

Nikatazama. Nikaona mistari, mingine mirefu iliyopinda kama njia ya mbuzi, mingine mifupi na minene, na katikati pengo jeupe ambalo kalamu haikuligusa.

"Hii si picha," nikamwambia. "Haina mbele wala nyuma. Upeo wa macho uko wapi?"

"Wewe Diploma," akasema akifunga daftari, "macho yako yana upeo, nimekubali. Masikio je?"

Nilicheka, kwa kuwa ndugu hucheka. Lakini neno lile liliingia, na hadi leo halijatoka.

Basi kikundi cha mama kikajenga nyumba ya mikutano karibu na soko. Mawe waliyabeba wenyewe, mchanga waliuteka mtoni wakaubeba mgongoni, mabati wakayanunua kidogo kidogo. Ukuta wa mbele ukapigwa plasta laini, mweupe, mpana, ukiitazama barabara. Wakakubaliana uchorwe picha ya kazi yao, kila apitaye ajue nyumba ile ni ya nani. Mwanangu, nilipouona ukuta ule nilielewa kwa nini nilisugua masufuria miaka yote ile. Kila aliyesafiri mbali ana ukuta wake nyumbani, na huko aliko huuona kila afumbapo macho. Wangu ulikuwa huo. Na mwenye neno la mwisho kikundini alikuwa mama yangu mzazi. Nani amnyime mwanawe ukuta?

Kikundi kikasema kila mmoja wetu, mimi na Nzioka, alete mchoro, kisha watachagua.

Nilikaa ng'ambo ya bonde asubuhi baada ya asubuhi. Nilinyoosha mkono nikapima kilima kwa penseli nikifumba jicho moja, kama nilivyofundishwa. Kila mtaro niliuweka mahali pake. Mgunga uliokauka upande wa juu niliuchora tawi kwa tawi, na kivuli cha asubuhi nikakilaza bondeni hata ungehisi ubaridi wake. Ule ulikuwa mchoro wa mtu aliyesoma, nami sioni haya kuusifu. Shida moja tu: wanawake walikuwa katikati ya kilima changu, wakisogea, wakiinama, wakiinuka. Huwezi kupima kitu kisichotulia. Nikawaacha nje.

Nzioka alikuja asubuhi moja tu, tena amechelewa, akalala chali kwenye nyasi na kofia usoni. Nilidhani usingizi umemchukua. Kumbe alikuwa akisikiliza. Baadaye akaketi, akachora haraka kwa mkaa, na sikumwona akiinua macho kutazama kilima.

Siku ya kuonyesha, wanawake waliketi kwenye mabenchi ya ile nyumba mpya. Mimi nilianza, kwa kuwa ndimi mkubwa. Nikaushika mchoro wangu juu kwa mikono miwili, na nyumba yote ikavuta pumzi.

"Haki ya Mungu, ni chenyewe," akasema Ndunge, mwanamke mmoja mcheshi ambaye hakujua kuweka neno akiba. "Hata ule mgunga! Tazameni ule mgunga!"

Mama alikichukua kile kipande cha karatasi akakisogeza karibu na macho. Alitazama mitaro, mmoja baada ya mwingine, akitikisa kichwa kwa kukubali. Nami moyoni nilikuwa nimekwisha kupanda ngazi kuchora ukutani.

"Ni kilima chetu kabisa," akasema. "Sasa mimi niko wapi?"

"Hii ni mandhari, Mwaitu," nikamjibu, nikimwita mama kwa Kikamba. "Katika mandhari watu huondolewa. Watu huharibu kilima."

Kisha Ndunge akapiga makofi.

"Mmesikia? Kumbe mitaro hii ilijichimba! Na mimi nilivyokuwa nikimlaumu mume wangu kwa maumivu ya mgongo!"

Walicheka hadi mabenchi yakalia. Mama hakucheka. Alinirudishia mchoro wangu taratibu, kwa mikono miwili, kama unavyomrudishia mgeni chombo chake.

Ndipo Nzioka akaja mbele, akavua miwani, akaweka karatasi yake mezani. Mkaa mtupu! Mstari mmoja mrefu ulipanda ukashuka ukipita katikati, na chini yake alama nene nene zimeangukia pamoja, kundi baada ya kundi. Nikangoja wacheke tena. Hawakucheka. Mama aliinama akaweka kidole mwanzoni mwa ule mstari mrefu. Akakisukuma kidole. Na kidole kilipoanza kwenda, akaanza kuimba. Aliimba wimbo wao wa kuchimba, kwa sauti ya chini, akipanda mahali mstari ulipopanda, akishuka uliposhuka. Alipofika penye pengo jeupe akanyamaza akavuta pumzi, kwa kuwa hapo ndipo huvuta pumzi. Wenzake wakaitikia bila kuambiwa.

"Ngojeni!" Ndunge akapaza sauti, kidole juu ya alama moja iliyokaa peke yake, nyuma ya nyingine. "Hili jembe lililochelewa ni la nani?"

"Lako!" wakajibu wote.

Ukuta ukaenda kwa Nzioka, na hakuna aliyehitaji kuinua mkono kupiga kura.

Watu husema wivu ni moto. Kwangu haukuwa moto. Ulikuwa ile baridi ya Uingereza, ilinifuata hadi Kitui jua likiwa utosini, ikaniuliza tena: umekuja kufanya nini? Sikuonea wivu ukuta tu. Niliuonea wivu ule mkaa, na ile miwani. Zaidi ya yote nilikionea wivu kile kidole cha mama yangu mzazi, kilichotembea juu ya karatasi ya mwana wa mwenzake na hakikutembea juu ya yangu. Sikula chakula cha nyumba ile siku hiyo. Niliangalia daftari zangu zote, na kila ukurasa niliuona ukiwa mtupu, kama nyumba nzuri iliyohamwa. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio, lakini hawakusema ufanye nini nyota ya mwenzio inapowaka juu ya paa la mama yako.

Siku ya mwethya iliyofuata nilipanda kilimani nikiwa na viatu vyangu vya ngozi, nikaanza kampeni. Nilikwenda kwa mwanamke mmoja mmoja pale alipokuwa akichimba.

"Ndugu yangu nampenda," nilimwambia Ndunge, "lakini ni mtu wa baa. Ataweka nyimbo za walevi kwenye nyumba ya akina mama."

"Mume wangu pia ni mtu wa baa," akasema bila kuinua kichwa, "na ndiye aliyetutengenezea mlango. Mlango haujalewa."

Nikaenda kwa mwingine, nikasema Nzioka atakimbia na rangi. Kwa mwingine nikasema hajui hata kuchanganya rangi, jambo ambalo, kwa kweli, lilikuwa kweli. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na siku ile, mwanangu, ni mimi niliyekuwa nikitembea.

Sikujua kwamba katika mtaro wa chini yangu alikuwamo Syombua, mama mdogo, mama yake Nzioka, na kwamba maneno hushuka kilimani kama maji.

"Diploma," akaita. "Kuja hapa."

Nilishuka nikijua nitatukanwa, na nimejiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Alinipa jembe lake.

"Chimba kidogo, mimi nipumzike. Umekula Uingereza vya kutosha."

Nikavua koti. Nikachimba, nikautupa udongo nyuma yangu, upande wa chini, ukaporomoka wenyewe bila taabu. Nikachimba tena, nikatupa tena. Nikaona kazi hii si kazi. Syombua akajishika kiuno, akaanza kucheka hadi machozi yakamtoka. Akawaita wenzake:

"Njooni mwone! Mtoto wa Mbithe amesahau mahali udongo unakwenda!"

Ndipo nikaona. Mtoto wa miaka saba wa kijiji chetu anajua kwamba udongo wa mtaro hurushwa juu. Unasimama shimoni ukiukabili mlima, unarusha upande wa juu, udongo unakuwa ukingo. Mvua ikija inazuiliwa nyuma ya ule ukingo, inatua, inaacha rutuba yake hapo, na miaka ikienda mteremko unageuka kuwa ngazi za mashamba. Ukirusha chini ni rahisi, lakini mvua ya kwanza huja ikachukua udongo wako na wa jirani yako na kuupeleka mtoni. Nilikuwa nimeichora mitaro ile yote, kila mmoja mahali pake, na mikono yangu ilikuwa imesahau inavyotengenezwa.

Wenzake walipochoka kunicheka wakarudi kwenye kazi, Syombua aliketi ukingoni, akanitazama.

"Unadhani mimi nampenda mama yako?"

Kuna maswali ambayo hata mwenye diploma huyaacha.

"Namheshimu," akasema. "Lakini wivu ninao, tena hadi leo hii. Nilipoletwa bomani kwenu nilikuwa msichana, najiona mzuri. Asubuhi ya kwanza nikasikia mtu anaimba jikoni huku anakoroga uji. Mwana wa mwenzangu, nilitamani kurudi kwetu. Mimi sauti yangu ni hii unayoisikia, ya chura aliyekosa mvua. Baba yako alikuwa akipita mlangoni kwangu akasimama kwake, asikie wimbo."

"Ukafanya nini?"

"Ulichokifanya wewe sasa hivi. Nilirusha chini. Kisimani, sokoni, kwa majirani: Mbithe mchawi, Mbithe anajidai. Ilikuwa rahisi, maneno ya chini hayana uzito. Na wapi! Alizidi kuimba, na mimi nikabaki sina hata rafiki wa kunisukia nywele."

Akainuka, akanyoosha mkono kuonyesha mtaro tuliomo, ulivyozunguka kilima ukipotea upande wa pili.

"Siku moja nikasema, haya, akiimba yeye, jembe langu litaanguka mbele ya majembe yote. Kila akipandisha sauti, mimi napandisha udongo. Wivu ulinipa nguvu ya wanaume wawili. Hakuna mtaro mrefu kama huu hapa kwetu, na kila mtu anajua aliyeuchimba. Huu ni mtaro wa wivu, Diploma. Na mahindi yanayoota hapa juu hayajawahi kuuliza udongo uliletwa na nini."

Kisha akasema neno la mwisho, na alilisema kwa ukali, bila kicheko:

"Wivu sikwambii uache. Hata mimi sijauacha. Lakini usiurushie mwanangu. Urushe juu."

Hakuniomba jembe lake. Nilibaki nalo. Mama alikuwa mwanzo wa mstari, amekwisha kuona yote. Alitoa wimbo tu. Nikachimba. Nikarusha juu. Ukitaka kujua uzito wa udongo wa Kitui, usiupime kwa mizani, urushe juu ya kichwa chako jua likiwaka. Viganja vilichubuka, viatu vya ngozi vikafa kifo chao, na wimbo ule niliokuwa nimeusikia kutoka ng'ambo ya bonde ukaniingia kupitia miguuni. Mstari wa mama ukipanda, majembe yote yanapanda. Kwenye lile pengo la pumzi yake, udongo wote uko hewani, umesimama, haujaanguka. Sijawahi kukiona kitu kile kokote. Nilikuwa nimekaa mbali mno.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Walipopumzika kula, mimi nilibaki shimoni, nikatuma daftari yangu iletwe kutoka kwenye koti. Nilichora nikiwa humo humo, macho yangu yakiwa sawa na nyayo zao. Sikupima kwa penseli. Nilichora miguu mbele, mikubwa, yenye vumbi, na kwa kumbukumbu majembe juu, na udongo umetawanyika mbinguni kama ndege walioshtuliwa, na kilima nyuma yake kidogo tu, maana ukiwa mtaroni kilima hukioni, unakibeba.

Jioni, kabla jua halijazama, nilimpelekea mama. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Nilijua hataimba. Mchoro wangu haukuwa wa kuimbwa, na hilo liliniuma hata pale. Alifuta mikono kwenye leso, akaishika karatasi. Kisha kidole chake kikashuka. Kikapita jembe la Syombua, kikapita mguu wa Ndunge, kikatua kwenye mguu mmoja wenye kidole kilichopinda.

"Huyu ni mimi," akasema. "Hiki ni kile kidole kilichovunjwa na jiwe mwaka ule ulipokwenda Ulaya."

"Ni wewe, Mwaitu."

"Umenichora na uchafu wote huu."

"Nikuoshe?"

"Acha," akasema, akauvuta mchoro upande wake. "Usiguse kitu."

Ukuta haukunirudia. Nisikudanganye kwa kukutamanisha mwisho mtamu. Nzioka aliuchora, tena baada ya kutafutwa huko Makueni mara kadhaa na kuletwa kama mbuzi aliyepotea. Rangi alizichanganya vibaya, nilisema, na ikaonekana nilisema kweli, maana ile nyekundu ilipauka upesi. Lakini alipomaliza, wimbo ule ulikuwa ukutani, mkubwa kuliko mtu, na wanawake waliopita na mizigo waliimba bila kujua wameanza kuimba. Wageni walikuja wakapiga picha mbele yake. Mbele ya kazi zangu hawakupiga. Nilipita pale kila siku ya soko, na kila mara nilihisi ile baridi mgongoni, na kila mara nilikwenda nyumbani moja kwa moja nikafungua daftari mpya. Nilichora uwanda wa Yatta wote kutoka upande huu na upande ule. Nilichora vilima vya Mbooni, mito ya mchanga, wachungaji wa Tseikuru na mifugo yao, na katika kila mandhari mtu alikuwamo, mguu wake mbele. Kazi zangu zimening'inizwa katika ofisi na nyumba ambazo Nzioka hangeruhusiwa kuingia na zile suruali. Nyingi nilizichora kwa sababu yake. Alipokufa, mwishoni mwa miaka ya themanini, nililia kuliko watu walivyotarajia, na mmoja wa watu hao alikuwa mimi.

Mama naye amekwenda. Tulipoitoa mizigo ya nyumba yake tulikuta ule mchoro wangu ukutani juu ya kitanda, umeshikiliwa na miiba ya mgunga, umegeuka rangi kwa moshi wa jikoni. Ule wa Nzioka wa mkaa haukuwamo. Nilimwuliza mama mdogo, ambaye wakati huo alikuwa mzee sana, kama anajua kwa nini. Akacheka kicheko chake cha chura.

"Wimbo aliujua tayari," akasema. "Miguu yake ndiyo alikuwa hajawahi kuiona."

Kwa hiyo wewe, mwanangu, uliyeniandikia na uso umevimba kwa sababu mwenzako ameitwa jukwaani na wewe hukuitwa, shairi lake limesomwa na lako likakaa mfukoni, sikia neno la mtu aliyesoma mbali na kufundishwa karibu. Sitakwambia wivu ni dhambi ukautubu leo, kesho uamke huna. Mimi mwenyewe bado ninao. Nikiuona ule ukuta, ingawa umepauka na plasta imeanza kubanduka, unanichoma. Wivu ni mvua yetu ya Kitui, huja bila kubisha hodi na huja na nguvu. Usipoichimbia mtaro itabeba udongo wako, ibebe na wa ndugu yako, na mtakutana nyote wawili mtoni mkiwa matope. Ichimbie. Kila neno baya ulilotaka kumsemea mwenzako, lifanye udongo, ulirushe juu, kwenye kazi yako. Litakuumiza mgongo. Kurusha chini hakuumizi, ndiyo maana watu wengi hurusha chini na vilima vyao vimebaki mawe matupu. Na jambo jingine: usiichore kazi ya watu ukiwa ng'ambo ya bonde. Shuka shimoni kwanza, viatu vife, ndipo ufungue daftari.

Wazee wetu hubariki kwa kutema mate viganjani mwa mtoto. Karatasi hainiruhusu, basi nyoosha viganja vyako hapo ulipo ujue nimefanya hivyo. Viganja hivyo vichubuke kwa kazi yako mwenyewe. Mvua ikupate ukiwa umekwisha kuchimba. Mwenzako ang'ae, nawe uone ukiwa na jembe mkononi. Na siku moja mtu unayemtaka akuone, aweke kidole juu ya ulichokifanya, aseme: acha, usiguse kitu.